Mavyaa Ana Mkanda wa Jeshi, Mtoto Ana Tetekuwanga: Nani Amemwambukiza Nani?

BARUA

Mshauri wetu, assalamu alaikum.

Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Langoni, Lamu, katika nyumba moja na mume wangu na mavyaa wangu mwenye umri wa miaka 68. Mwezi uliopita mavyaa alianza kulalamika maumivu ya ubavu wa kushoto, tukadhani ni kichomi, tukawa tunamsugua mafuta na kumkanda kwa maji ya moto. Baada ya siku chache yakamtoka malengelenge yaliyoshikana, kuanzia mgongoni hadi chini ya titi la kushoto. Zahanati walisema ni mkanda wa jeshi, wakampa dawa ya kupaka na vidonge vya maumivu, tukarudi nyumbani.

Mwanangu wa mwisho ana miaka 5 na hulala na bibi yake, wakijifunika kanga moja. Wiki mbili hivi baadaye akashikwa na homa, na asubuhi yake mwili ukajaa vipele. Tumeambiwa ni tetekuwanga. Tangu hapo nyumba imegawanyika. Mume wangu anaamini kwamba mama yake ndiye aliyemwambukiza mtoto, na mavyaa anasema mtoto ameutoa ugonjwa chuoni anakosoma Kurani na huenda ndiye aliyempa yeye kabla ya vipele kuonekana. Jirani mmoja mzee alipomwona mtoto alisema ndui imerudi. Mwingine amenong'ona kwamba mkanda wa jeshi haumtoki asiye na ukimwi, na wa tatu kwamba ncha mbili za mkanda zikikutana mgonjwa haponi. Maneno hayo yamemfikia mavyaa, naye hatoki tena chumbani na ametenga sahani na kikombe chake.

Linalonikosesha usingizi zaidi ni wifi yangu, ambaye ana mimba ya miezi minne. Alikuja kutoka Faza Alhamisi iliyopita kumtazama mama yake, akalala kwetu, akampakata mtoto sana, na kesho yake alipokwisha kuondoka ndipo vipele vilipotoka. Hakumbuki kuwahi kuugua tetekuwanga, nami sijamwambia lolote kwa kuchelea kumtia hofu. Mavyaa naye, ingawa vidonda vimekauka, hawezi kuvumilia hata kanga imguse ubavuni. Tufanye nini?

Mama Watatu, Langoni, Lamu

JIBU

Wa alaikum salaam, dada yangu.

Barua yako ina maswali mengi na nitayajibu, lakini moja haliwezi kungoja: mpigie wifi yako simu leo hii, kabla ya kuendelea kusoma. Mwenye tetekuwanga huanza kuambukiza siku 1 hadi 2 kabla ya vipele kuonekana, kwa hiyo usiku ule aliompakata mtoto, huku mwili wa mtoto ukionekana safi, ulikuwa ni usiku wa kuambukizana. Naelewa kwamba ulinyamaza kwa huruma. Hata hivyo, yapo mambo yanayoweza kufanyika kwa ajili yake ambayo yana muda wake, na muda huo ukipita hayana tena faida.

Kabla ya yote aulizwe mavyaa, kwa kuwa ndiye aliyemlea: je, binti yake aliwahi kuugua tetekuwanga utotoni? Mara nyingi mtu mzima hakumbuki ugonjwa alioupata akiwa na miaka 3, lakini mama yake hukumbuka mpaka mkeka aliomlaza. Jibu likiwa ndiyo, na kwa uhakika, hofu inapungua sana, kwa sababu aliyekwisha kuugua tetekuwanga hubaki na kinga na ni nadra kuugua mara ya pili. Jibu likiwa hapana, au likiwa la kubahatisha, aende kliniki aombe kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili za ugonjwa huu. Huenda damu ikalazimika kupelekwa Mombasa, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutochelewa. Wala asijitulize kwa kusema kwamba mtu mzima lazima awe amekwisha kuugua. Katika nchi za baridi, kabla ya chanjo kuenea, karibu kila mtu aliupata utotoni, lakini katika nchi za joto kama yetu wengi hufika utu uzima bila kuupata, na visiwani, ambako watu ni wachache na wametawanyika, mtu anaweza kukua vizuri kabisa bila kukutana nao.

Ikiwa hana kinga, daktari ana njia mbili. Ipo sindano ya kingamwili zilizo tayari, ambayo hutolewa mapema iwezekanavyo na si zaidi ya siku 10 tangu alipokutana na mgonjwa. Haipatikani kila mahali, lakini ni haki yake kuiulizia. Ipo pia dawa ya vidonge iitwayo asaikloviri, ambayo madaktari wengine huwapa wajawazito katika hali kama hii, na daktari ndiye atakayepanga siku ya kuianza. Akienda kliniki apige simu kwanza na aeleze jambo lenyewe, asikae kwenye benchi moja na wajawazito wenzake, kwa sababu kuanzia siku ya 8 hadi ya 21 baada ya kuambukizwa anaweza naye kuwaambukiza wengine kabla hajajijua.

Nimeona neno hofu katika barua yako, basi nieleze hatari yenyewe kwa kipimo chake. Tetekuwanga kwa mjamzito humdhuru zaidi mama mwenyewe, kwa sababu inaweza kuingia mapafuni na kuleta nimonia kali. Akitokwa na vipele, kisha akaanza kukohoa, kubanwa na pumzi au kuumwa na kifua, hapo ni kupanda boti ya kwanza kwenda hospitali, usiku au mchana. Kwa mtoto aliye tumboni, tetekuwanga ya mama katika wiki 20 za mwanzo inaweza kuacha makovu ya ngozi au madhara ya macho, viungo na ubongo, lakini hilo ni nadra: hutokea kwa chini ya watoto 2 katika kila mimba 100 ambazo mama aliugua katika kipindi hicho. Kipindi kingine cha hatari ni siku za kujifungua. Mama akitokwa na vipele kuanzia siku 5 kabla ya kuzaa hadi siku 2 baada yake, mtoto mchanga anaweza kuugua vibaya sana, kwa kuwa anazaliwa na virusi bila kuwa amepokea kinga ya mama. Wifi yako yuko mbali na siku hizo, lakini wanawake wa nyumbani na walijue, maana harusi na arubaini hukusanya wajawazito na watoto wachanga katika ukumbi mmoja.

Sasa nije kwenye ugomvi wa nani kamwambukiza nani. Tetekuwanga na mkanda wa jeshi huletwa na virusi vya aina moja. Mtu anapovipata mara ya kwanza, mara nyingi utotoni, huugua tetekuwanga. Vipele vikikauka, virusi havitoki mwilini. Hukimbilia kwenye vifundo vya neva vilivyo kandokando ya uti wa mgongo na vile vilivyo chini ya ubongo, vikakaa humo kimya miaka hata 50 au 60. Kinga ya mwili ikipungua nguvu, kwa uzee au kwa sababu nyingine, virusi katika kifundo kimoja huamka na kuteremka kwa njia ya neva ile ile hadi kwenye ngozi. Kwa hiyo mavyaa hakuambukizwa mkanda wa jeshi na mtoto wala na mtu yeyote. Ulitoka ndani yake mwenyewe, katika virusi alivyovipata pengine alipokuwa msichana mdogo. Hakuna anayepata mkanda wa jeshi kwa kukaa na mwenye mkanda wa jeshi, wala kwa kumuuguza mwenye tetekuwanga.

Upande wa pili lakini unawezekana. Maji yaliyo ndani ya malengelenge ya mkanda wa jeshi yana virusi hai, na mtoto ambaye hajawahi kuugua akiyagusa, au akilalia kanga iliyolowa maji hayo, anaweza kupata tetekuwanga. Vipele hutoka kati ya siku 10 na 21 baada ya kuambukizwa, mara nyingi kwenye wiki ya pili au mwanzo wa ya tatu. Hesabu ya nyumbani kwenu inakubaliana na hilo, kwa hiyo mumeo hakusema jambo lisilowezekana. Lakini inakubaliana pia na chuoni: watoto huketi bega kwa bega, na tetekuwanga husafiri kwa hewa, hata inapoingia katika nyumba moja huwapata karibu 9 katika kila 10 ya wasio na kinga. Ulizeni kama kuna watoto wengine wa chuo hicho waliougua, mkitaka kujua. Kwangu mimi jibu lolote litakalopatikana halimfanyi mama kuwa mkosaji. Hakujua, na kwa jinsi barua yako ilivyo hakuna aliyemwambia pale zahanati kwamba malengelenge yanapaswa kufunikwa kwa kitambaa safi hadi yakauke na kwamba mtoto asilale naye siku hizo. Neno hilo moja lingetosha, na nasikitika kwamba halikusemwa. Mumeo amwambie mama yake hivyo kwa mdomo wake mwenyewe. Asikuachie wewe uwe mjumbe kati yao.

Madaktari wenyewe walichukua muda mrefu kuyaunganisha magonjwa haya mawili. Mwaka 1888 daktari wa watoto wa Hungary aitwaye Bókay aliona kwamba mtu mzima akipata mkanda wa jeshi nyumbani, baada ya wiki mbili tatu watoto wa nyumba hiyo hutokwa na tetekuwanga, yaani aliona hicho hicho mlichokiona ninyi. Ilikuwa katika miaka ya 1950 ndipo Mmarekani Thomas Weller alipootesha virusi kutoka kwa wagonjwa wa aina zote mbili katika maabara na kuonyesha kwamba ni vya namna moja. Kisha mwaka 1965 Edgar Hope-Simpson, daktari wa kawaida wa mji mdogo wa Cirencester nchini Uingereza, aliyekuwa akiandika habari za wagonjwa wake kwa miaka mingi, akaeleza kwamba mkanda wa jeshi ni virusi vya tetekuwanga vilivyolala na kuamka. Aliongeza kwamba mtu mzima anapokutana na watoto wenye tetekuwanga kinga yake huenda ikaamshwa na kuimarika. Kwa hiyo dhana kwamba mjukuu amemletea bibi yake mkanda imeelekea upande usio wake kabisa.

Kuhusu ncha mbili kukutana, mtu yeyote aliyesimama karibu na jahazi linaloundwa ataelewa upesi. Neva hutoka kwenye uti wa mgongo kama mataruma yanavyotoka kwenye mkuku, la kulia likaenda kulia na la kushoto likaenda kushoto, kila moja likiishia upande wake. Virusi vikiamka katika neva moja ya kushoto, malengelenge hufuata njia ya neva hiyo tu, yakaanzia karibu na uti wa mgongo na kusimama karibu na katikati ya kifua. Ndiyo maana huwa kama mkanda uliokatwa nusu. Si kwamba mgonjwa anasubiri ufunge duara ndipo afe. Malengelenge yakitoka pande zote mbili, au yakatapakaa mbali na mkanda wenyewe, hiyo ni dalili kwamba kinga ya mwili imedhoofika na mgonjwa anahitaji hospitali kwa haraka, lakini hata hapo tiba ipo.

Neno la ukimwi limeumiza watu wengi kwa miaka mingi, na lina chanzo chake. Virusi vya ukimwi hupunguza kinga, na kijana wa miaka 25 au 30 akitokwa na mkanda wa jeshi daktari mwangalifu humshauri apimwe VVU. Ushauri huo ni sahihi hata leo. Lakini kwa mtu wa miaka 68 umri peke yake ni sababu ya kutosha. Nchini Marekani inakadiriwa kwamba mtu 1 katika kila 3 atapata mkanda wa jeshi maishani mwake, na wengi wao ni wazee wasio na ugonjwa mwingine wowote. Kisukari, saratani na dawa zinazopunguza kinga huongeza uwezekano. Mavyaa akitaka kupima VVU na sukari, apime kwa hiari yake, kama mtu mzima yeyote anavyopaswa kujua hali yake. Lakini jirani hapimi ugonjwa kwa kuchungulia dirishani.

Jirani mzee aliyetaja ndui asichekwe. Yeye ni wa kizazi kilichoiona. Ndui imekwisha duniani: mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida, Ali Maow Maalin, alikuwa mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, kwenye pwani hii hii kaskazini yetu, mnamo Oktoba 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba imetokomezwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba mgonjwa yule alidhaniwa kwanza kuwa na malaria, kisha tetekuwanga. Vipele vinaweza kumdanganya hata mganga. Na kwa kuwa mpox, ugonjwa wa vipele wa jamii ya ndui, imethibitishwa nchini Kenya tangu Julai 2024, ni vyema mtoto aangaliwe na mhudumu wa afya kuliko kuamuliwa na wapita njia. Mtazame mwanao kwa karibu. Katika tetekuwanga utaona kwenye kipande kimoja cha ngozi, tuseme mgongoni, doa jekundu lililotoka leo, lengelenge dogo lenye maji kama tone la umande, na jingine lililokwisha kukauka na kufanya gamba, vyote kwa pamoja, navyo hujaa zaidi kifuani, tumboni na mgongoni. Katika mpox vipele vya sehemu moja mara nyingi huwa vya hatua moja, hupenda viganja na nyayo, na tezi za shingoni au kwenye kinena huvimba. Palipo na shaka, mhudumu wa afya huchukua sampuli ya kidonda.

Kumtunza mtoto si kazi ngumu. Mwogeshe kila siku kwa maji ya uvuguvugu. Wanaosema mwenye tetekuwanga asiguse maji humletea uchafu na usaha. Majani ya mwarobaini katika maji hayo hayana ubaya maji yakiwa safi na yasiwe ya moto, ingawa hayaui virusi. Ninachokataa ni kuyatwanga na kuyabandika kwenye vidonda vilivyo wazi, au kupaka majivu na dawa ya meno. Mkate kucha ziwe fupi, mpake kalamini kwa ajili ya muwasho, na homa ikipanda mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Usimpe aspirini kamwe, kwa sababu kwa mtoto mwenye tetekuwanga inaweza kuleta ugonjwa mbaya wa ini na ubongo, na ibuprofeni pia iepukwe kwa kuwa imehusishwa na maambukizi makali ya ngozi. Asirudi chuoni mpaka kila lengelenge liwe limekauka na kufanya gamba, jambo linalochukua kama siku 5 hadi 7. Ndugu zake wawili, ikiwa hawajawahi kuugua, watazamiwe kuupata katika wiki mbili tatu zijazo. Homa iliyoshuka ikipanda tena, ngozi inayozunguka kipele ikawa nyekundu, ya moto na yenye kuuma, au mtoto akawa mzito wa usingizi, akapepesuka, akatapika mfululizo au akapumua kwa shida, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Nimemwacha mavyaa kwa mwisho kwa sababu yake ni marefu zaidi. Kwanza, vidonda vyake vimekauka, basi haambukizi tena. Sahani na kikombe havikuwa njia ya ugonjwa huu hata hapo awali. Arudishwe kwenye sinia leo, na mtoto arudi kulala naye, kwa kuwa mmoja amepona na mwingine ana ugonjwa ambao bibi hawezi kuupata kwake.

Maumivu ya ubavu ni jambo la kweli kabisa, wala hajidekezi. Virusi viliposhuka kwenye neva viliijeruhi, na neva iliyojeruhiwa hutafsiri mguso wa kanga au upepo wa feni kama kuungua. Vidonge vya kawaida vya maumivu mara nyingi havisaidii hali hii. Asaikloviri ingefaa zaidi ndani ya saa 72 za mwanzo tangu vipele kutoka, na muda huo umepita, lakini kwa maumivu yenyewe kuna dawa za neva, kama amitriptilini kwa kiasi kidogo usiku, au gabapentini, ambazo huanzishwa kwa kipimo cha chini na kupandishwa taratibu. Amweleze daktari kama ana ugonjwa wa moyo, wa figo au presha ya macho. Dawa hizi huleta kizunguzungu, nazo ngazi za nyumba zetu za mawe ni za kusimama wima, kwa hiyo kwa wiki za mwanzo alale ghorofa ya chini au asishuke peke yake usiku. Kanga ya pamba iliyokwisha kulainika kwa kufuliwa, au kitambaa kilichobana kidogo kisichosugua, humpunguzia adha kuliko nguo pana inayopeperuka. Wengi hupata nafuu ndani ya miezi michache. Wachache, hasa wazee, huendelea zaidi ya miezi 3, na hao wasiachiwe kuvumilia. Dua na kombe asizuiliwe, pamoja na dawa. Siku zijazo, mtu yeyote akitokwa na malengelenge ya namna hii kwenye paji la uso, karibu na jicho au kwenye ncha ya pua, asilale bila kuonana na daktari, kwa kuwa jicho linaweza kupofuka.

Chanjo zipo. Ile ya tetekuwanga ilitengenezwa na Michiaki Takahashi wa Japani mwaka 1974, lakini haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto za serikali yetu, na mwenye kuitaka huilipia katika hospitali za binafsi za miji mikubwa. Ipo pia ya mkanda wa jeshi kwa wenye miaka 50 na zaidi, dozi 2, na hata aliyekwisha kuugua anaweza kuipata akishapona. Mkiwa na uwezo muulizieni mavyaa daktari atakapomwona. Wifi yako asichanjwe ya tetekuwanga sasa, kwa sababu virusi vyake ni hai, ingawa vimedhoofishwa, na haitolewi kwa mjamzito. Kipimo cha damu kikionyesha kwamba hana kinga na mimba hii ikapita salama, inshallah, aiombe baada ya kujifungua, kabla ya kushika mimba nyingine.